Mto wa Kufuma kwa Hewa ya Dodoma

Tangu serikali ilipoanza kuhamia Dodoma mwaka 2016, makochi mengi yamepanda kutoka Dar es Salaam, na juu yake mito ya kufuma. Baada ya kiangazi kimoja wenyewe hunijia na lalamiko lile lile: mto ulikuwa mweupe, sasa una rangi ya ugali wa mtama, na ukiupiga kofi unatoa wingu. Lawama zote hutupiwa vumbi. Vumbi lipo, sikatai, lakini mara nyingi kosa lilianzia kwenye uzi.

Dar iko usawa wa bahari na hewa yake ina unyevu mwingi. Dodoma iko zaidi ya mita 1,100 juu, mvua yake kwa wastani haifiki milimita 600 kwa mwaka, tena karibu yote hunyesha kati ya Desemba na Aprili. Ikifika Agosti na Septemba hewa imekauka na upepo unavuma. Uzi wa akriliki, ambao ndio umejaa madukani, asili yake ni mafuta ya petroli na haunywi maji. Ukisuguliwa kwenye hewa kavu hujijaza umeme tuli, ule unaotatarika unapovua sweta gizani, na umeme huo huvuta vumbi jepesi. Pwani unyevu huupoteza kabla haujajikusanya. Ndiyo maana mto uliotulia Sinza ya Dar, ukifika Area D ya Dodoma unageuka sumaku.

Kwa huku juu mimi nafuma mito kwa pamba. Pamba hunywa unyevu kidogo uliopo, haikusanyi umeme kirahisi, na inavumilia maji ya moto. Wapo wanaosema kufuma ni mambo ya nchi za baridi na sufu za kondoo. Si kweli: miongoni mwa vitu vya kale zaidi vya kufumwa kwa sindano vilivyohifadhiwa hadi leo ni soksi za pamba kutoka Misri, nyeupe na za rangi ya nili, zenye umri wa karne nyingi.

Tatizo ni kuijua pamba dukani, kwa sababu akriliki nayo huuzwa kwa jina la sufu ingawa haijawahi kumwona kondoo. Omba kipande cha uzi, kishike kwa koleo, ukichome. Pamba huwaka kama karatasi na kuacha majivu laini. Sufu halisi hunuka nywele zilizoungua na hujizima yenyewe. Akriliki huyeyuka na kuacha kidonge cheusi kigumu. Ndiyo maana pia pasi ya mkaa na mto wa akriliki havipatani.

Njia ya bei nafuu ni kufumua sweta la mtumba. Kabla hujalipa, ligeuze uangalie mishono ya ubavuni. Kama kipande kilikatwa kwa mkasi kisha kikapigwa ovaloku, liache, maana utapata vipande vifupi vya nyuzi, kimoja kwa kila mstari. Tafuta lile ambalo pembeni limeunganishwa kama mnyororo. Hilo hufumuka kwa uzi mmoja mrefu. Uzi utatoka umejikunjakunja. Uzungushe kwenye mgongo wa kiti, ufunge, uufue, kisha uutundike na kitu kizito chini hadi ukauke.

Sasa vipimo, na hapa ndipo wengi wanapokosea, hata mafundi. Kilichofumwa ni vitanzi vilivyoshikana, na vitanzi hutanuka. Foronya ya sentimita 40 kwa mto wa sentimita 40 italegea ndani ya mwezi mmoja. Fuma ndogo, sentimita 38. Lakini sentimita 38 ni vitanzi vingapi? Hilo linategemea uzi wako, sindano zako na mkono wako, kwa hiyo fuma kwanza kipande cha kujaribia, kikubwa kuliko sentimita 10 kila upande, ukifue, kikauke, ndipo upime katikati yake. Tuseme umepata vitanzi 18 na mistari 24 katika sentimita 10. Basi upana wako ni vitanzi 68, na urefu ni mistari 91 kwa upande mmoja. Uzi wa unene huo, pande zote mbili, utahitaji kama gramu 200 hadi 250.

Mtindo ninaoupenda wanafunzi wangu wameubatiza uwele: kitanzi cha kawaida, kitanzi cha kinyume, na mstari unaofuata unabadilisha, pale palipo na kibonge juu yake pawe laini. Uso hutoka na punje ndogo ndogo. Ule mtindo laini wa sweta hujikunja pembeni kwa kuwa mvuto wa mbele na wa nyuma haulingani; uwele hulala bapa, na kuunganisha pande hakukutoi jasho. Misuko minene iliyoinuka inapendeza kwenye picha. Lakini hapa Dodoma misuko hiyo huwa stoo ya vumbi.

Mto wa ndani uwe wa kitambaa kizito cha marekani, kwa sababu vitanzi vina matundu na kijazio kitachungulia. Sufi ni nzuri: nyuzi zake zina uwazi ndani na mafuta kama nta juu, ndiyo maana zamani ilijazwa kwenye maboya ya kuokolea watu baharini. Ikishindiliana, ianike juani ivimbe tena. Mabaki ya godoro ni kinyume chake, jua huyala hadi yawe unga. Nyuma weka vifungo badala ya zipu, kwa kuwa zipu haitanuki na pale iliposhonwa foronya huota mawimbi.

Mto wangu wa kwanza wa pamba niliufua vizuri, nikaitundika foronya yake kwenye waya kama shati. Maji yaliivuta, jioni niliteremsha kitu kama gunia la karanga. Sasa naikamua ndani ya taulo, naitandaza kwenye mkeka kivulini, naivuta pembe zikae mraba. Kiangazi hukauka siku hiyo hiyo. Na ule uzi uliobaki siuhifadhi kabatini. Naufunga kifundo, naufua pamoja na foronya kila mara, ili siku panya au mtoto akitoboa, uzi wa kuzibia uwe umepauka kama mto wenyewe.