Kukodi Pikipiki kwa Safari ya Usambara Mwishoni mwa Masika

Masika katika Mkoa wa Tanga huanza Machi na kwa kawaida huishia Mei. Ifikapo Juni, jua likishaanza kuwaka Ngamiani, wapo wakazi wanaopanga kwenda milimani na kuzunguka huko kwa pikipiki ya kukodi. Hata hivyo, mvua kukoma mjini si ushahidi kwamba mlima umekauka. Udongo mwekundu wa Usambara hushika maji, na chini ya kivuli cha msitu utelezi huweza kubaki siku kadhaa. Kwa hiyo, kabla ya kuuliza ni wapi panapendeza, msafiri aulize ni njia ipi imekauka.

Uchaguzi wa mahali

Usambara Magharibi ndiko pa kuanzia. Barabara ya Mombo hadi Lushoto ina lami, na kutoka Lushoto ni mwendo mfupi hadi jabali la Irente, linalotazama tambarare za Mazinde. Mtae iko mbali zaidi, ukingoni mwa milima. Safari yake itengewe siku nzima yenye anga safi.

Usambara Mashariki, iliko Hifadhi ya Mazingira Asilia Amani, ipo karibu zaidi na bahari na hupata mvua karibu mwaka mzima. Njia ya kupanda huko kutoka Muheza ina sehemu za udongo. Ni busara kusubiri siku kadhaa zisizo na mvua, kusikiliza utabiri wa Mamlaka ya Hali ya Hewa, na kumuuliza mtu aliyeshuka kutoka Amani siku hiyo hiyo.

Uchaguzi wa dereva

Inashauriwa kupanda basi katika kituo cha Kange hadi Muheza au Lushoto, kisha kukodi pikipiki huko huko kwa dereva anayeijua njia. Kabla ya kupanda, hakikisha kwamba:

1. dereva ana leseni ya udereva, na pikipiki ina leseni ya usafirishaji na bima iliyo hai;
2. tairi hazijalika na breki zote mbili zinashika;
3. ipo kofia ngumu yako, mbali na ya dereva;
4. mnapanda wawili tu, yaani dereva na abiria mmoja. Mishikaki ni hatari popote, na zaidi penye mteremko wenye tope.

Malipo

Mgogoro huzuka pale abiria anapolipa fedha zote asubuhi, kisha dereva akasimama katikati ya mlima na kudai nyongeza kwa sababu ya tope. Kubalianeni mapema, kwa maandishi au kwa ujumbe wa simu, juu ya nauli, saa ya kurudi, na kiasi kitakacholipwa iwapo njia haitapitika. Toa sehemu ya fedha, nyingine ulipe mkirudi. Kiingilio cha hifadhi hulipwa kwa namba ya malipo ya Serikali, dai stakabadhi.

Abiria ana haki ya kukatisha safari anapoona hatari. Ukitendewa isivyo haki, andika namba ya pikipiki, mahali, saa na kiasi ulicholipa, kisha uwasilishe malalamiko katika ofisi ya LATRA ya mkoa.