Muhuri ni Ushahidi, Hauazimwi

Mwaka jana kamati yetu ya msikiti ilipata neema, kisha neema hiyo ikawa mtihani. Kijana wetu mmoja, wa ukoo ambao nusu yake iko Mombasa na nusu iko upande huu wa Horohoro, alitukabidhi ramani kamili za madrasa ya ghorofa moja. Alisomea ubunifu majengo Nairobi, amesajiliwa na bodi ya Kenya, na hakudai hata senti. Aliitoa kazi hiyo iwe sadaka kwa ajili ya marehemu bibi yake.

Tulipozipeleka ramani kuombea kibali cha ujenzi, zilirudishwa. Afisa aliyezipokea hakuonesha kasoro yoyote katika michoro. Alisema jambo moja tu, kwamba aliyezigonga muhuri hana usajili Tanzania.

Kikao cha usiku ule kilikuwa kizito. Mzee wetu mmoja tunayemheshimu sana alihoji: "Mtoto ni wetu, elimu anayo, na nchi hizi ni jumuiya moja. Kwa nini tusimtafute mbunifu wa hapa, tukampa chochote, akagonga muhuri wake, kazi ikaendelea?" Wengi waliafiki. Michango ya waumini ilikuwa benki, bei ya saruji na nondo ikipanda, na watoto walikuwa wakisoma chini ya turubai.

Hoja ya mzee ilikuwa na sehemu ya ukweli. Itifaki ya Soko la Pamoja la Jumuiya ya Afrika Mashariki, iliyotiwa saini Novemba 2009 na kuanza kutumika Julai 2010, inazitaka nchi wanachama zitambuliane elimu na sifa za kitaaluma. Mwaka 2011 yakafuata makubaliano ya kutambuana kwa wabunifu majengo. Lakini kutambuana si kuazimana. Makubaliano humfungulia mlango aliyesajiliwa kwao, ila hayamwondolei wajibu wa kubisha hodi. Ni lazima aombe usajili kwa Bodi ya Usajili wa Wabunifu Majengo na Wakadiriaji Majenzi, inayoongozwa na sheria ya mwaka 2010, akionesha vyeti vyake, uzoefu wake wa kazi, na uthibitisho wa bodi ya kwao kwamba usajili wake ungali hai. Asipokuwa raia, kibali cha kazi nacho ni shauri la peke yake. Wala jambo hili si la Afrika tu. Marekani ni nchi moja, lakini mwenye leseni ya jimbo moja hawezi kugonga muhuri katika jimbo jingine mpaka lile la pili nalo limpe leseni yake.

Tulipotafakari, tuliona kuwa muhuri ule ni ushahidi. Anayeugonga anasema: kazi hii naijua, nimeikagua, na jengo likileta madhara niulizwe mimi. Kuugonga juu ya ramani usiyoikagua ni kushuhudia usilolijua. Sisi tunaowafundisha watoto kuwa ushahidi wa uongo ni katika madhambi makubwa, tungewezaje kuwajengea darasa kwa ushahidi wa namna hiyo? Baada ya kimya kirefu, ni mzee yule yule aliyesema tufuate njia ndefu.

Kwa ridhaa ya kijana, tulimwajiri mbunifu aliyesajiliwa hapa, aipitie kazi yote na kuibeba dhamana yake. Alifika kiwanjani mara tatu. Aliongeza ngazi ya pili, kwa kuwa watoto zaidi ya mia moja wangekuwa juu kwa wakati mmoja, na akataka udongo upimwe kabla mhandisi hajakokotoa msingi. Ilitugharimu miezi minne, pamoja na fedha tulizokuwa tumezitenga kwa madawati. Wapo waumini walionung'unika, na hatuwalaumu. Alhamdulillah, kibali kimetoka.

Sadaka ya kijana haikupotea. Jengo lingali na sura aliyoichora, naye ameanza maombi ya kusajiliwa Tanzania ili kazi ijayo aigonge kwa mkono wake mwenyewe.

Kwa wazazi wenye watoto wanaokwenda kusomea fani hii nje ya nchi, tunausia mambo mawili. Kwanza, kabla ya kulipa ada, ulizeni bodi ya nchi ambayo mtoto anatarajia kufanyia kazi kama shahada ya chuo hicho inatambuliwa nayo. Chuo hutoa shahada, lakini usajili hutolewa na bodi. Pili, kijana aanzapo mafunzo ya kazini, aandike kila mradi alioushiriki, na msimamizi wake atie saini wakati huo huo. Wasimamizi huhama, wengine hufariki, na kazi isiyo na shahidi ni vigumu kuithibitisha mbele ya bodi ya ugenini.

Msingi tutauchimba baada ya Idi, inshaallah. Watoto wangali chini ya turubai, na madawati bado hatuna. Mwenye uwezo asituache peke yetu.