Betri Mfukoni mwa Kijana

Ndugu zetu wazazi wa Lemara, mwonapo sigara ya umeme mfukoni mwa kijana, msidhani ni kichezeo. Uvutaji wenyewe hatuusifu, ila leo twasema juu ya betri yake. Sigara ya wati 80 yenye betri moja ya volti 3.7 huvuta zaidi ya ampea 21, na betri nyingi, hasa zilizotolewa katika kompyuta kuukuu, hazikutengenezwa kustahimili mvuto huo. Hupata moto, na huweza kupasuka. Mwaka 2018 huko Florida, Marekani, mtu mmoja aliuawa hivyo. Tena betri ya akiba isichanganywe na funguo wala sarafu. Itiwe katika kisanduku cha plastiki, na iliyochanika ganda isitumike kabisa.