Doa jeusi ndani ya yai

Mfugaji wa kuku wa kienyeji kule Kighare, juu Usangi katika milima ya Upare, akitaka kujua kama mayai yana vifaranga huyamulika usiku kwa tochi ya simu. Yai tupu huwaka jekundu lote. Lenye uhai, kuanzia siku ya nne au ya tano, huonyesha mishipa myembamba ya damu na doa moja jeusi. Ni rahisi kudhani huo ni moyo, kumbe ni jicho.

Katika umri huo macho ya kiinitete ni makubwa mno kwa kichwa chake, na ndiyo sababu wanaochunguza jinsi retina, utando wa nyuma ya jicho unaopokea mwanga, inavyoumbwa wanalipenda yai la kuku. Kijusi cha panya kimefichwa tumboni mwa mama yake. Yai unalilaza ubavu, unafyonza ute kidogo kwa sindano ili kiinitete kiachane na ganda, unakata kidirisha kwa mkasi, unatazama, unaziba kwa utepe wa gundi na kulirudisha kwenye joto la nyuzi 37 na nusu. Kesho unakikuta kiinitete kilekile. (Mayai mengi ya dukani hayafai, kuku walioyataga hawakuwa na jogoo.)

Saa kama 33 tangu yai lipate joto, ubongo huchomoza vifuko viwili, kila upande kimoja. Kifuko kikiifikia ngozi ya kichwa, ngozi hapo huanza kufanya lenzi, nacho hubonyea ndani kama mpira uliopungua upepo ukisukumwa kwa kidole gumba. Kinakuwa kikombe chenye kuta mbili: wa ndani ndio retina, wa nje hujaa rangi nyeusi, nao ndio doa lile la kwenye tochi.

Seli za retina hazizaliwi ovyo. Hutangulia zile zitakazotuma habari kwenye ubongo. Zinazoshikilia na kulisha wenzake huja mwisho. Kufikia siku ya 12 hivi, kazi ya kugawanyika imekwisha sehemu kubwa, na bado siku 9 kifaranga aanguliwe. Kuacha kugawanyika kuna uzito wake. Kwa mtoto wa binadamu, seli changa ya retina ikipoteza nakala zote mbili za jeni ya RB1, breki hiyo hukatika na saratani ya retina huweza kuanza. Dalili yake ya kawaida ni weupe ndani ya mboni, mara nyingi unaoonekana kwenye picha ya simu iliyopigwa kwa flashi. Mzazi wa Upareni akiuona, asingoje wala asijaribu dawa ya matone: amwahishe mtoto hospitali yenye daktari wa macho, kama KCMC pale Moshi.

Jaribio ninaloliona la ajabu kuliko yote ni la watafiti Jane na Alfred Coulombre, lililochapishwa mwaka 1965. Waliitoa retina kwenye jicho la kiinitete cha siku nne hivi, wakaacha ndani kipande chake kidogo. Ukuta mweusi ukapoteza rangi yake, ukageuka kuwa retina mpya, ila imekaa kinyume, ndani nje. Ukichelewa siku moja mbili tu, haifanyiki. Mwaka 2001 watafiti wengine, Andy Fischer na Thomas Reh, wakaonyesha kuwa hata kwa kifaranga aliyekwisha kuanguliwa, retina ikiumizwa, seli zile za kulisha wenzake huanza kugawanyika tena, na chache huwa seli za neva. Za kwetu hazifanyi hivyo zenyewe. Kwa nini kuku anaweza na sisi tumezuiwa, ndilo swali linaloendelea kufuatiliwa maabarani, na tiba bado haijatoka humo.

Wala yai halifai kwa kila ugonjwa. Retina ya kuku haina mishipa ya damu ndani yake. Hulishwa kutoka nyuma, na kwa kiungo kilichojikunja mbele ya neva ya jicho. Kisukari kinachopofusha watu huharibu hasa mishipa hiyo ambayo kuku hana, kwa hiyo hapo watafiti hurudi kwa panya.