Mtufaha Uliomea Katika Kopo

Wasomaji wetu wa Tanga na Pangani wametuuliza zaidi ya mara moja: je, mbegu ya tufaha lile linunuliwalo sokoni, ikipandwa uani, itazaa? Nasi tulikuwa tukijibu kwa mkato, "Haizai," tukaendelea na shughuli zetu. Lakini mwaka juzi lilitokea jambo chuoni kwetu lililotulazimisha kulijibu swali hili kwa urefu.

Mwanafunzi wetu mmoja, mtoto wa miaka tisa, alifiwa na baba yake. Katika siku za ugonjwa jamaa walikuwa wakimletea mgonjwa matufaha, na mtoto akimegewa kipande. Mbegu za tunda la mwisho walilokula pamoja alizifukia katika kopo la maziwa lenye udongo, na moja ikamea. Kila siku akija na kopo lake chuoni, akaliweka penye kivuli cha ukuta, na siku moja akatuuliza, "Maalim, utazaa lini?" Hatukuwa na uso wa kumjibu kwa mkato.

Kumea kwake si ajabu. Mbegu ya mtufaha hulala mpaka ipate baridi na unyevu kwa muda wa miezi miwili au mitatu, na matufaha yatokayo ng'ambo huwa mara nyingi yamekwisha kukaa sana katika maghala ya baridi. Mbegu hufika kwetu ikiwa karibu na kuamka. Ama kuzaa ni jambo jingine. Huu ni mti wa nchi za baridi kali. Namna zake nyingi hutaka saa 800 hadi 1,000 za baridi iliyo chini ya digrii 7 ndipo macho ya matawi yafunguke sawasawa na kutoa maua. Tanga, hata katika kipupwe, usiku wake huwa karibu na digrii 20. Mti hungoja usingizi usiokuja. Sisi wenyewe tuliwahi kununua mche kwa mchuuzi aliyetuapia kuwa utazaa baada ya miaka miwili. Tulipata majani, kisha tukapata kuni.

Tena liko la pili. Mbegu ya tufaha haifuati mama yake. Ukipanda mbegu ya tunda tamu, huenda ukapata mti wa matunda madogo na makali. Kwa hiyo wakulima hubebesha, yaani hukata kikonyo cha mti unaojulikana kwa uzuri wakakiunga juu ya shina la mche mwingine. Kazi hii si ngeni kwetu. Wenyeji wa Muheza hubebesha michungwa juu ya milimau.

Na katika mkoa wetu huu huu iko nchi ya matufaha, nayo ni Lushoto, iliyo juu ya milima ya Usambara kiasi cha mita 1,400, ambako mapeasi na matufaha hupandwa majumbani. Hata huko hazifai namna zote. Atakaye kupanda mlimani na atafute zile ziridhikazo na baridi kidogo, kama Anna na Dorsett Golden, ambazo hutaka saa 200 hadi 300 hivi. Na azipande zote mbili karibu karibu, kwa kuwa chavua ya mmoja ndiyo huuzalisha mwingine. Shimo liwe na upana na kina cha sentimita 60, udongo uchanganywe na samadi iliyooza vyema, na pale palipoungwa pabaki juu ya ardhi, wala pasifukiwe kamwe. Nyasi za kuhifadhi unyevu zisiguse shina. Maua ya mwaka wa kwanza yaondolewe, ijapokuwa moyo unauma, ili mti upate kujenga mizizi. Ndugu zetu wa Batu, katika kisiwa cha Jawa, wana hila nyingine: baada ya mavuno huyapukutisha majani yote kwa mkono, mti ukadhani kuwa umepitiwa na baridi, ukatoa maua upya.

Basi tulimketisha yule mtoto tukamweleza ukweli, kwamba hapa mche wake hautazaa, bali mjomba wake yuko Lushoto, aweza kuubebesha. Alinyamaza kitambo. Kisha akauliza: "Ukikatwa kichwa, utakuwa ndio ule ule?" Tulimjibu kuwa mizizi itakuwa ni ile ile aliyoipanda yeye, na kila tunda litanyweshwa nayo. Akaomba apewe usiku mmoja wa kufikiri. Asubuhi alikuja na kopo limefungwa kwa kitambaa, tayari kwa safari.

Mche ulipofikia unene wa kalamu ya risasi, mjomba aliubebesha, na mtoto mwenyewe ndiye aliyeshika uzi.

Kwa pwani, sisi twaushauri mtofaa, ule utoao matunda mekundu ya majimaji na kutandaza maua ya rangi ya damu chini yake. Jina lake limetokana na neno lile lile la Kiarabu, ingawa si jamaa wa tufaha la ng'ambo. Mbegu yake hufa upesi; ipande ikiwa mbichi, kivulini, nayo humea kwa wiki mbili hadi nne. Uhamishe mche masika yanapoanza, mbali na kisima na kuta, kwani hukua mti mkubwa. Wa mbegu hungojewa miaka saba au minane.

Mmoja tuliupanda chuoni. Mama wa mtoto aliomba uwe sadaka ya marehemu mumewe, kwani Mtume (s.a.w.) ametufunza kuwa wanacholiwa na mtu, ndege au mnyama katika mti wa Mwislamu huandikwa sadaka. Mtoto huunywesha kila alasiri kabla ya kufungua msahafu, na sasa umemfika kiunoni.