Selimundu na taya la mtoto

Mtoto mwenye selimundu akiwa na meno ya juu yaliyochomoza mbele, nyumbani huambiwa alinyonya sana kidole. Pengine ni kweli, ila mimi kabla ya kukilaumu kidole nauliza kwanza uloto unafanya nini.

Seli nyekundu ya kawaida huishi siku 120 hivi. Ya selimundu huvunjika baada ya siku 10 hadi 20. Ili kuziba pengo hilo, uloto hutengeneza damu bila kupumzika, nao hutanuka ndani ya mfupa. Taya la juu lina kuta nyembamba, haliwezi kuuzuia. Mfupa husogea mbele na meno yake, mpaka midomo ya baadhi ya watoto ikashindwa kukutana. Picha ya eksirei huweza kuonyesha mistari ya mfupa imelala katikati ya mizizi ya meno mithili ya vipandio vya ngazi.

Kwamba mwenye makosa ni uloto, ushahidi mzuri unatoka kwa ndugu wa ugonjwa huu, thalasemia. Mwaka 1925 huko Detroit, daktari Thomas Cooley alieleza habari za watoto wenye upungufu mkali wa damu na mifupa ya uso iliyobadilika. Siku hizi mtoto wa thalasemia anayeongezewa damu mapema na kwa utaratibu, uso wake kwa kawaida husalimika, maana uloto umepunguziwa kazi.

Taya la chini lina kuta nene. Tatizo lake ni damu kufika: linategemea zaidi mshipa mmoja unaopita ndani yake. Seli za selimundu, zilizopinda, zikikwama humo, sehemu ya mfupa hukosa hewa na huweza kufa. Mtoto hulia taya linauma, na mara nyingine mdomo wa chini na kidevu vinakufa ganzi. Jino lisilo na tundu hata moja nalo laweza kufia ndani. Hapo ndipo jino lisilo na hatia hung'olewa, na maumivu yakabaki palepale.

Kunyoosha meno kwa waya kunawezekana, mradi afya imetulia na daktari wa meno anazungumza na kliniki ya selimundu. Waya zivute taratibu kuliko kawaida. Ganzi ya kidevu, hasa ikija na homa au uvimbe, haisubiri tarehe ya kliniki: mtoto apelekwe hospitali siku hiyohiyo.