Chuo kilicho jirani: nani anapokelewa, na uulize nini kabla ya kulipa

Matokeo ya kidato cha nne yakitoka, simu ya studio yetu haitulii. Safari hii swali lililotugusa zaidi limetoka kwa mama mmoja wa Majengo, hapa Moshi. Binti yake aliishia kidato cha pili na sasa ana mtoto mdogo. Mama anauliza: kuna chuo kitakachompokea, au ndiyo basi tena?

Jibu fupi ni kwamba vyuo vipo. Jibu refu tumeliandika hapa ili ulisome taratibu na kumwonyesha jirani.

Kwa nini swali hili ni zito kwetu

Wazee wetu wa mlimani walimwachia kijana kihamba, naye akaishi kwa kahawa na ndizi. Leo vihamba vimegawanywa hadi vingine havitoshi hata nyumba ya pili. Mtoto asiye na shamba la kurithi wala cheti cha kidato cha nne anahitaji ujuzi mikononi.

Vyuo vya Maendeleo ya Wananchi

Hivi ndivyo wengi tunaviita FDC. Vilianza mwaka 1975, wakati wa Mwalimu Nyerere, kwa kuiga vyuo vya wananchi vya Sweden na kwa msaada wa nchi hiyo. Lengo lilikuwa mtu mzima wa kijijini apate elimu ya kumsaidia palepale anapoishi. Leo viko zaidi ya 50 nchi nzima, chini ya Wizara ya Elimu. Mkoani kwetu kuna Msinga, wilaya ya Moshi, na Mamtukuna, Rombo.

Vyuo hivi vinafundisha fani kama ushonaji, useremala, uashi, umeme, ufundi magari, upishi, kilimo na mifugo, ingawa si kila chuo kina kila fani. Kuna kozi ndefu na kozi fupi. Aliyemaliza darasa la saba anapokelewa, na hata aliyeacha sekondari njiani.

Sasa tumjibu mama wa Majengo. Kupitia mpango uitwao Elimu Haina Mwisho, unaoendeshwa na shirika la Karibu Tanzania Organization pamoja na FDC, wasichana na wanawake vijana walioacha shule, wakiwemo waliopata watoto, husoma masomo ya sekondari huku wakijifunza ufundi, ujasiriamali na stadi za maisha. Vyuo vingi vina sehemu ya kulelea watoto wakati mama yuko darasani. Pia, tangu Novemba 2021 serikali iliruhusu wasichana waliokatisha masomo kwa ujauzito kurudi katika shule za kawaida. Kwa hiyo binti ana njia mbili, wala hana sababu ya kujificha nyumbani.

VETA

Chuo cha VETA kipo hapa hapa Moshi mjini. VETA iliundwa kwa sheria ya mwaka 1994 na kazi yake ni mafunzo ya ufundi stadi. Mafunzo yana ngazi tatu, na mwanafunzi hupanda moja baada ya nyingine. Kwa kawaida fomu hutoka kuanzia Agosti na masomo ya kozi ndefu huanza Januari. Anayengoja Januari ndipo aulize mara nyingi huwa amechelewa.

Katika miaka ya karibuni ada ya vyuo vya VETA imekuwa shilingi 60,000 kwa mwaka kwa wa kutwa na 120,000 kwa wa bweni. Lakini ada siyo gharama yote. Kuna sare, vifaa vya kazi, michango na nauli. Omba karatasi ya maelekezo ya kujiunga na ujumlishe mwenyewe kabla ya kuuza mbuzi.

Na wewe fundi uliyejifunzia gereji au chini ya mti, usijione umeachwa. VETA ina utaratibu wa kutambua ujuzi uliopatikana nje ya darasa. Unapimwa kwa kazi unayoifanya, unaongezewa pale unapopungukiwa, kisha unapewa cheti. Cheti hicho kinasaidia pale kampuni au halmashauri inapotaka fundi mwenye karatasi.

Waliofaulu kidato cha nne

Hawa wana milango zaidi. Chuo Kikuu cha Ushirika Moshi, kilichoanza mwaka 1963 kama chuo cha ushirika, kinatoa pia kozi za cheti na diploma. Mweka, kilichoanza mwaka huohuo, kinafundisha usimamizi wa wanyamapori. Vijana wa kutoka mbali huja kusoma Mweka, na sisi tunaokaa jirani wakati mwingine hatujui hata sifa za kujiunga.

Maswali manne kabla ya kulipa

Kwanza, chuo kimesajiliwa na NACTVET? Omba namba ya usajili na uihakiki. Chuo kisichosajiliwa kinaweza kukupa cheti kizuri cha kutundika ukutani kisichokubaliwa popote.

Pili, fani unayoitaka imesajiliwa na inafundishwa mwaka huu? Jina la chuo halitoshi.

Tatu, karakana ina mashine zinazofanya kazi? Nenda ukaone kwa macho yako.

Nne, mafunzo kwa vitendo kazini yanafanyika wapi na kwa muda gani? Hapo ndipo wengi hupata ajira yao ya kwanza.

Baada ya kumaliza, kumbuka mikopo ya halmashauri: asilimia 4 ya mapato ya ndani kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu. Kwa kawaida hutolewa kwa vikundi. Anza kuuliza kwa afisa maendeleo ya jamii wa kata yako ungali unasoma.

Mama wa Majengo, mpeleke binti akaulize mwenyewe, na mjukuu aende naye. Kisha tupigie utuambie wamemjibu nini, maana wapo wazazi wengine wanaosubiri kusikia.